Matuta Kiwanjani

Jumatatu, 24 Februari

Mwalimu Mkuu ameniambia niweke kila kitu kwenye maandishi. Alimaanisha mpango wa michezo wa mwaka. Huo nimeshamaliza, kurasa nne, nakala mbili, chini nimesaini: Roza Otuoma, Mwalimu wa Michezo. Lakini mkono bado unawasha, kwa hiyo yale yasiyoingia kwenye mpango nayaweka humu, kwenye daftari la mahudhurio la zamani lililobakiwa na nusu ya kurasa.

Hali ni hii. Shule yetu ya hapa Buswelu ina wanafunzi mia tisa na kumi na wawili, mipira miwili, mmoja umeshonwa mpaka umeota pembe, na kiwanja kimoja. Kiwanja kimeinama kuelekea barabarani. Upande wa juu kuna kichuguu, na goli limekiegemea. Katikati mvua imechimba korongo linalomfika mtoto kiunoni. Mpira ukiingia humo unaufuata ng'ambo ya barabara, kwa mama wa maandazi.

Kwenye kamati ya shule wapo wanaosema ardhi hiyo inakaa bure. Tarehe 22 Mei watakaa kuamua: kiwanja kibaki kiwanja, au kigeuzwe shamba. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nathaniel Luhaga, ni mtu mpole anayefuta miwani kila anapotaka kukataa jambo bila kulikataa. Amesema nina muda hadi siku hiyo kuwaonyesha kwamba kiwanja kinatumika. Nikamuuliza kwa fungu lipi. Akafuta miwani.

Mimi nilitoka Shirati kwa miguu yangu hii: mita mia nane, kuanzia mashindano ya kata mpaka ya mkoa. Bila kile kiwanja cha shule yetu, leo ningekuwa naanika dagaa. Si kazi mbaya, mama yangu ameifanya maisha yake yote. Ila mimi siwezi kukaa nikatazama kitu kikikauka. Kiwanja hiki hawakichukui.

Jumatano, 26 Februari

Kipindi changu cha Darasa la Sita kimechukuliwa tena na Mwalimu Gladness wa Hisabati. Hii ni wiki ya tatu. Hakuniomba. Nimefika mlangoni na filimbi shingoni, nikakuta ubao umejaa hesabu za sehemu. Amenitazama kama anayetazama muuza vocha, akaendelea kuandika.

Ijumaa, 28 Februari

Mvua. Nimezunguka ofisi ya walimu mpaka Gladness akaniomba nikae.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Machibya. Zamani alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Sasa ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, na redio yake haizimwi kukiwa na mechi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa sikio redioni. Mzee huyu anawajua wachezaji wa akiba kwa majina na kwa majeraha yao. Nikadhani nimefika kwa mtu wangu.

Wapi. Yeye anasema mpira ni wa redioni, na watoto wa shule wanahitaji kula na kufaulu. Nikamwambia kwamba hao anaowasikiliza hawakuzaliwa redioni. Akacheka, lakini hakubadilika.

Nilimweleza tatizo la kichuguu na korongo. Greda la kukodi hatuliwezi, kwa siku moja linameza mipira ya shule tatu. Hapo alinisaidia kwa kitu kimoja: kuna kikundi cha bagobogobo huko Buhongwa, wale wanaolima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Kiongozi wao anaitwa Pius. Watu thelathini, kwao kazi ya siku tatu ni ya asubuhi moja. Wanataka chakula cha kutosha, soda na nauli. Walimu tukichangishana, inawezekana. Nimeondoka nikiwa na namba ya Pius, na nikiwa bado simwamini mzee.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Korongo limeongezeka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekipata kipindi changu, saa tano asubuhi. Darasa la Sita mzunguko mmoja, kwa saa ya simu. Kuna msichana mmoja, Evelina, ana miguu ambayo ningeipata mimi wakati ule ningefika mbali kuliko mkoa. Ameanza vizuri, amewaacha wavulana wote, halafu kwenye kona ya pili amekaa chini. Amekaa tu. Wengine sita wakamfuata. Nimewapa adhabu ya kuokota mawe. Uvivu ni ugonjwa wa kuambukiza.

Jumatano, 12 Machi

Evelina amekaa chini tena. Mawe tena.

Ijumaa, 14 Machi

Pius amethibitisha. Kesho alfajiri. Mchele, maharage na soda vipo jikoni. Hata Gladness amechanga, tena bila kusukumwa. Nashindwa kukaa. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hakuna mpangilio.

Walifika kabla jua halijachomoza, wanaume kwa wanawake, majembe begani, ngoma mbili. Nikamwonyesha Pius kichuguu cha kuvunja na korongo la kujaza, nikatembea naye kiwanja chote. Akaniuliza kama nina jembe langu. Nikamwambia mimi sitalima, mimi ni mwalimu. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Saa mbili na nusu simu ikalia. Ni Alexander, mfanyabiashara wa Mabatini ambaye nimemwandikia barua tatu kuomba jezi. Jezi zipo, anazo dukani, ila nizifuate sasa hivi, maana kuna shule nyingine imeziulizia. Nikawaaga wapishi, nikaondoka mbio. Kule dukani nikasubirishwa saa tatu nzima kwa sababu alitaka apigwe picha akinikabidhi, na mpiga picha alikuwa hajaoga. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: jezi kumi na nne, zote za watu wazima, zina jina la duka na namba ya simu mgongoni. Ya namba tisa naweza kuivaa kama gauni.

Nilirudi saa nane. Kutoka barabarani nikasikia ngoma bado inapigwa, na nikafurahi, nikasema hawa watu si mchezo. Nikapanda ule mteremko nimebeba mfuko wa jezi kichwani.

Kichuguu kilikuwa hakipo. Korongo lilikuwa halipo. Na kiwanja hakikuwepo. Kulikuwa na matuta. Matuta ya viazi, marefu, yamenyooka kutoka ukuta wa madarasa hadi barabarani, meusi, yamelowa, yamepangwa vizuri kuliko shamba lolote nililowahi kuona. Nimeyahesabu baadaye: arobaini na matatu. Magoli yangu mawili yalisimama katikati yake kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Na kikundi kilikuwa kinamalizia tuta la mwisho, majembe juu, majembe chini.

Nikapiga kelele. Wanawake wa kikundi wakadhani nashangilia, wakanijibu kwa vigelegele.

Halafu nikamwona Mzee Machibya. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kivulini, redio mapajani, anatazama. Sikumwamkia. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Umefurahi sasa. Umepata shamba lako." Ngoma ikanyamaza. Hapa hakuna mtu anayemsemesha mzee namna ile, hata mlevi. Mzee Machibya akazima redio, akasimama taratibu, akaondoka.

Kikundi kikala. Mimi sikula. Nimeuacha mfuko wa jezi pale pale chini, na mpishi ndiye aliyeuokota.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Mchana Pius akaja, amevaa shati la ibada, akakataa kiti mpaka nilipomwomba mara mbili. Alikuja kwa heshima na mimi nilimpokea kwa hasira, nikamuuliza ni nani aliyewaagiza walime matuta. Ni mwenyekiti?

"Hakuna aliyetuagiza, Mwalimu. Kazi yako tuliimaliza saa nne. Kiwanja kilikuwa sawa kama meza. Tukakutafuta, hupo."

Kwao, akanieleza, anayeita ngoma anakuja na jembe lake. Halimi nalo. Anasimama mbele ya ngoma, na pale anapotaka kazi iishie analichomeka jembe ardhini. Hapo ngoma inashuka. Jembe la mwenyeji lisipochomekwa, kikundi hakiachi kazi wakati ardhi ipo. Kuacha ni kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake ni kidogo. Kwa hiyo waliendelea. Na ardhi iliyo sawa, mwezi wa tatu, mvua inanyesha, inafanywa nini? Inapigwa matuta.

"Nilikuuliza jembe," akasema. "Nikadhani unajua."

Sikujua. Nimekaa hapa miaka mitano, nafundisha watoto wao, na sikujua. Kwetu Shirati mtu akimaliza alichoagizwa anaondoka. Kwa hiyo saa nne mimi nilikuwa na kiwanja sawa kama meza, na saa hiyo niliitumia Mabatini nikisubiri mpiga picha aoge.

Mzee Machibya hakuwaagiza. Itabidi niende nimwombe radhi. Kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika shuleni saa kumi na mbili na nusu ili nimshawishi Mwalimu Mkuu tuyavunje matuta kwa kutumia wanafunzi wa madarasa ya juu. Nimechelewa. Wazazi, akina mama zaidi ya hamsini, walikuwa wameshafika na marando, vikonyo vya viazi vya kupanda. Habari za matuta ya bure zilishasambaa Buswelu nzima. Mpaka kengele ya asubuhi nusu ya kiwanja ilikuwa imepandwa viazi vya shule, na mvua ikaanza kuyanyeshea marando. Mwalimu Mkuu alisimama barazani anafuta miwani ambayo haikuwa na tone.

Nani atang'oa rando lililopandwa na mama aliyetembea nalo kutoka nyumbani? Mimi nilitaka. Naandika ukweli. Nilisimama pale na filimbi shingoni nikitaka kuyang'oa yote.

Sijaenda kwa mzee.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Sijaenda.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimegundua kitu, au hasira imekigundua. Kati ya tuta na tuta kuna mfereji, na mifereji ya Pius imenyooka kama rula. Arobaini na miwili. Hakuna shule Mwanza yenye njia za mbio arobaini na mbili. Nimewapanga Darasa la Tatu wote kwa pamoja, kila mmoja na mfereji wake, na kwa mara ya kwanza hakuna mtoto aliyebaki pembeni kushika viatu vya wenzake. Wamekimbia wakicheka, matope mpaka masikioni. Anayekanyaga tuta anarudi mwanzo. Mama mmoja aliyepita barabarani akasimama kuangalia kama viazi vyake vinakanyagwa, akaishia kupiga makofi.

Ni mbinu ya kuazima tu. Marando yakitambaa, mifereji itafunikwa. Nina wiki sita, labda saba.

Ijumaa, 28 Machi

Sijaenda. Nimepita mbele ya kibanda chake mara mbili, nikageuza uso kama mwizi.

Alhamisi, 3 Aprili

Darasa la Sita, saa tano, jua kali baada ya mvua. Evelina ameanza, amewaacha wote, na katikati ya mfereji akaanguka. Safari hii hakukaa. Alianguka uso kwenye tuta, nikamgeuza, midomo mikavu, macho yamepanda juu. Nikambeba mwenyewe mpaka ofisini. Ni mwepesi. Msichana wa miaka kumi na miwili hapaswi kuwa mwepesi vile.

Gladness ndiye aliyejua la kufanya. Akampa chai yenye sukari nyingi, kijiko kwa kijiko, kisha nusu ya chapati yake. Mtoto aliporudiwa na rangi nikamuuliza asubuhi alikula nini. Akasema hakula. Nikamuuliza kwa nini, na nadhani niliuliza kwa ukali, maana mimi nikiogopa nakuwa mkali.

"Leo ni zamu ya wadogo, madam," akasema.

Kwao wako sita. Uji wa asubuhi hauwatoshi, kwa hiyo wanapokezana: siku moja wakubwa, siku moja wadogo. Alisema hivyo kama anayeeleza ratiba ya kufagia.

Alipotoka, Gladness akafunga mlango. Akaniambia jambo ambalo angeweza kuniambia tangu Januari, kama mimi ningekuwa mtu wa kuambiwa.

"Unadhani kwa nini nachukua kipindi chako? Wanakuja kwako saa tano, tumbo tupu, unawakimbiza. Kwangu angalau wanakaa."

Amenipa kipindi chake cha saa mbili asubuhi. Yeye atachukua changu cha saa tano. Nilimshukuru vibaya, kwa sauti ya kugomba, kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia. Mawe. Niliwaokotesha mawe watoto waliokaa chini kwa njaa, na nikaandika humu kwamba ni uvivu. Nimerudi kwenye ukurasa ule kutaka kuufuta. Nimeuacha, niusome kila nitakapojisifu kwamba najua watoto.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimewauliza mmoja mmoja, pembeni, bila wenzao kusikia. Darasa la Sita wapo sabini na mmoja. Ishirini na tisa hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeenda.

Mzee Machibya alikuwa anaziba pancha. Nikamwamkia, nikapiga goti kidogo kama wanavyofanya wa hapa, nikamwambia nimekuja kuomba radhi: nilimkosea mbele ya watu, na kosa la matuta lilikuwa langu. Akamaliza pancha, akajaza upepo, akasikiliza kama unavuja. Halafu akazima redio.

"Nisikilize, Mwalimu. Mimi sikuwaagiza. Lakini nilikuwa nimekaa pale juu tangu saa nne. Niliona kiwanja kimekwisha, niliona hawaachi, nikajua kwa nini hawaachi. Namba yako ninayo. Sikupiga."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilitaka viazi," akasema.

Sikujua nicheke au nimtukane mara ya pili. Nilicheka. Naye akacheka, halafu akaona haya, akaanza kuzungusha tairi ambalo lilikuwa limeshapona. Akaniuliza jezi zina ukubwa gani. Nikamwambia watoto wanazivaa wawili wawili.

Jumanne, 22 Aprili

Tumerudi kutoka likizo ya Pasaka. Marando yamefunika matuta kwa kijani. Wapishi wamechuma matembele, yaani majani ya viazi, wakayapika sufuria mbili, na hapo likatokea jambo ambalo Mwalimu Mkuu amelihubiri miaka mitatu bila mafanikio. Wazazi wameanza kuleta unga. Zamani walikuwa wakiambiwa walete mahindi na maharage, wanasema hawana. Sasa kila mmoja anasema, mboga si ipo, unga nitakosaje. Leo shule nzima imekula ugali saa sita. Si mwingi. Nimezunguka na filimbi nikiwapanga mistari, wala sikukumbuka kwamba nimesimama juu ya eneo la penalti.

Jumanne, 6 Mei

Evelina, mzunguko wa nje ya shule, hakukaa. Amemaliza akiwa anataka mwingine. Nimeangalia saa mara mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Mifereji imekwisha. Marando yamevuka kutoka tuta hadi tuta, huwezi kuweka mguu. Darasa la Tatu wameruka kamba barazani kwa zamu, watoto arobaini na kamba mbili. Walimu wa madarasa ya jirani wamelalamika kwa kelele. Wana haki.

Siku kumi zimebaki. Mguu wangu unatikisika chini ya meza hata nikiwa nasahihisha.

Jumatano, 14 Mei

Kuna greda linatengeneza barabara ya mtaa wa pili. Nimekwenda kwa msimamizi wake mapumziko ya saa nne. Amesema hapana.

Alhamisi, 15 Mei

Hapana.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda na jezi namba tisa, nimeivaa, na nikamkabidhi barua yenye muhuri wa shule. Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya greda. Amekubali. Jumamosi asubuhi, kabla greda halijapakiwa kwenda kazi nyingine, atalileta saa mbili, bure. Kichuguu hakitarudi, korongo halitarudi, mteremko wote utakatwa. Nilichokiombea tangu Februari kimekuja, tena bora kuliko nilivyokiomba.

Nimerudi shuleni nikikimbia. Nilipofika nikasimama getini. Wapishi walikuwa wanachuma matembele ya mchana, na Darasa la Kwanza wamejipanga na sahani zao.

Jumatano, 21 Mei

Sijalala vizuri na sijakaa vizuri. Nimemuuliza mpishi viazi vitakomaa lini. Anasema katikati ya Julai. Nimemuuliza msimamizi wa greda kama linaweza kurudi Julai. Anasema Julai litakuwa mkoa mwingine, na yeye pia.

Gladness ameniuliza kesho nitasema nini. Nimemwambia nitasema ninachosema siku zote. Amenimenyea embe, akanipa kipande kikubwa.

Alhamisi, 22 Mei

Kikao kilianza saa tisa, darasani, wajumbe tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Wenye kura tulikuwa tisa, mimi nikiwa mwakilishi wa walimu. Mwalimu Mkuu ni katibu, akasoma ajenda. Ama tukubali greda Jumamosi, na hapo ni kiwanja cha michezo moja kwa moja. Ama viazi viendelee, na eneo liingizwe kwenye mpango kama shamba la chakula kwa mwaka mzima ujao. Hakuna njia ya tatu. Nilikuwa nimeitafuta usiku na mchana na sikuiona.

Wakaongea wote. Mama Rebeka, mzazi, akasema mwanawe sasa haombi kurudi nyumbani mchana. Mzazi mwingine akasema watoto wa shule za kulipia wana viwanja, wetu wana nini. Wote walisema kweli, na ndilo lililonichosha.

Kura ikapigwa kwa mikono. Wa viazi: wanne. Wa greda: watatu. Mimi nilikuwa sijainua. Mzee Machibya, mwenyekiti, naye alikuwa hajainua. Nikamtazama nikijua anakokwenda, na nikaanza kupumua, maana akiinua kwa viazi, kura yangu haitakuwa na uzito, nitaweza kupigia kiwanja changu na kulala.

Mzee akainua mkono kwa greda.

Watu wakageuka. Akasema maneno machache, akitazama dawati. "Nimemwona huyu mwalimu kwenye ile mifereji. Watoto wote walikuwa wanakimbia. Nimesikiliza mpira miaka arobaini, na ile sijawahi kuisikia redioni. Mwacheni apate kiwanja chake."

Nne kwa nne. Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaishika tu.

"Mwalimu Roza, umebaki wewe."

Nilifikiria Shirati. Nilifikiria mita mia nane, na msichana niliyekuwa, ambaye kila asubuhi alipata samaki na ugali wa mtama kabla ya kuvaa kaptula. Sikuwahi kumweka mama yangu kwenye hesabu ya mbio zangu. Nilisema kiwanja ndicho kilichonitoa. Kumbe nilikimbia nimeshiba.

Nikainua mkono. "Viazi vikae."

Sauti ilitoka ndogo, wakaniomba nirudie. Nikarudia.

Mzee Machibya akanitazama kama mtu aliyelipwa noti bandia. Wakati wa kutoka akanifuata mpaka barazani, akaniambia hajawahi kuinua mkono wake kwa ajili ya mtu akaangushwa na mtu yule yule. Nikamwambia anisamehe mara ya pili. Akasema mara ya pili ni ghali, nitamletea betri za redio.

Niliomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba mwaka ukiisha suala lirudi kikaoni. Wameandika. Hakuna aliyeniahidi chochote, nami sikuomba ahadi.

Jumamosi, 24 Mei

Saa mbili nilikuwa barabarani. Nilimpigia msimamizi juzi kumwambia asije, lakini nilikwenda. Greda likapita juu ya lori, la njano, kubwa, taratibu, mbele ya shule. Dereva akanipungia mkono. Nimesimama pale mpaka vumbi lilipotulia. Nina hasira na kila mtu: kamati, bajeti, mvua, Pius, mimi. Sijuti. Hasira na majuto ni vitu viwili, leo ninacho kimoja.

Jumatatu, 26 Mei

Saa mbili asubuhi, kipindi cha Darasa la Sita. Wamekuja sabini na mmoja, hakuna aliyebaki darasani. Wamejipanga mbele ya shamba, peku, wananisubiri. Mbele yao majani tu, mpaka barabarani.

"Madam," Evelina akaniuliza, "leo tunakimbilia wapi?"

Kwenye mpango wangu wa kurasa nne jibu halimo. Nikaenda getini, nikatoa mnyororo, nikaangalia barabara pande zote mbili, na nikatangulia mimi.